Wiki ya Ishirini na Saba

Daftari langu halijui miezi.
Wilayani wanataka wiki, tena kwa namba,
kana kwamba kipupwe cha Kitangari
husoma kalenda kabla hakijapanda mlima.

Wiki ya ishirini na tano: wanne.
Ya ishirini na sita: kumi na mmoja.
Nachora vijiti, vinne wima,
cha tano kinalazwa juu yao
kama mgonjwa aliyebebwa begani.

Shida ni salfa.
Msimu huu kila shamba lina bomba linalonguruma,
mikorosho imepakwa unga,
na wanaume wanaingia zahanati wakikohoa,
kope za manjano, macho mekundu.
Nauliza: homa ipo? Viungo vinauma?
"Dada, nimepuliza miti mia mbili.
Kipi kisiume?"
Yupi nimhesabu,
yupi nimwachie mkorosho wake?

Basi nikaanza kusoma pengine.
Kwa mwalimu Nambole, darasa la pili,
kumi na tisa hawakuitikia majina.
Kwa Likumbage dukani malimao yameisha,
panado anauza kidonge kimoja kimoja.
Na mafua, nikagundua, yanafuata minada ya mitumba:
Jumamosi yamelala hapa,
Jumanne yameshaamkia Mahuta,
Alhamisi yanachagua mashati Nanyamba.

Nikamwingiza mtoto wa Asumini kijiti cha pamba puani.
Akanipigia chafya usoni, akacheka.
Kichupa kikateremka Mtwara katikati ya barafu,
kutoka Mtwara kikaenda Dar.
Majibu yalifika wiki ya thelathini na moja:
ndiyo, ni influenza.
Mwenyewe alikuwa nje, anakimbiza tairi.

Bwana wa takwimu alinipigia simu kunisifu.
Mchoro wako, alisema, umepanda vizuri,
umeshuka vizuri.

Sikumwambia habari za Bi Nachinuku
wa nyuma ya tangi la maji,
aliyeweka rehani mikorosho yake yote tangu mwaka juzi,
hana hata bomba.
Alikohoa siku sita, ndani kwake.
Zahanati ilikuwa mbali kuliko miguu yake.
Matangani wakasema: salfa ya majirani.
Nami nimekaa mkekani,
kalamu ya kazi bado imening'inia kifuani.

Usiku nilifungua wiki ya ishirini na saba.
Jumla ilikwisha kutumwa, ilikwisha kugongwa mhuri.
Nikaongeza kijiti kimoja, kwa penseli,
chepesi, cha kufutika.

Sijakifuta.