Kukaa Tu

Lusungu alinitumia nauli mwezi wa saba,
sakitu ikiwa imeshaunguza viazi vyote vya bondeni
nami nimejikunyata jikoni, Njombe,
nyayo zikilamba joto la majivu.
"Mama, njoo Tanga upumzike. Kazi uiache huko huko."
Nikaiacha. Nikabeba debe la viazi tu,
sweta mbili, na sindano zangu za kufumia
na uzi wa soksi, maana mikono nayo hushikwa na njaa yake.

Kumbe na Tanga kuna kipupwe!
Nilicheka nikashika mbavu.
Mgaza, kijana wa getini kwenye nyumba ya wageni, Raskazone,
kafunga zipu ya koti mpaka kidevuni,
kofia ya sufi imemeza masikio,
anasugua viganja: "Bibi, baridi ya leo haina adabu."
Na mimi jasho linanishuka uti wa mgongo
kama mtu aliyekutwa ndani ya ghala la watu.
Nikamvulia sweta moja. Akaivaa juu ya koti.

Asubuhi ya kwanza, saa kumi, macho kodo.
Natafuta kuni ndani ya chumba chenye feni.
Nikakaa kitandani, mikono magotini,
kama mgonjwa anayesubiri kuitwa.
Kulipokucha nikafagia ua, nikafika hadi ufukweni,
nikaanza kuufagia na mchanga.
Mgaza akaja mbio: "Bibi, utanifukuzisha kazi!"
Akaninyang'anya ufagio, akaniletea kiti cha plastiki,
mbaazi na mahamri mawili,
akanigeuza uso upande wa kisiwa cha Toten
kama mtu anayemwonyesha mtoto ubao.

Nikatazama.
Miaka thelathini na mmoja nilishika mizani kwenye banda la chai,
najua uzito wa kikapu kabla hakijatua.
Bahari sikuweza kuipima.
Ilikuwa inaondoka. Taratibu, bila kuaga mtu,
ikaacha tope, kaa, kandambili moja ya buluu,
ikaenda huko inakokwenda.
Nikasema moyoni, huyu naye mtoro.
Mchana ikarudi, imejaa mpaka kwenye ngazi,
na hakuna msimamizi aliyeiuliza ilikuwa wapi.
Mara mbili kwa siku! Na mshahara haukatwi.

Siku ya tatu, au ya nne, siku zilikuwa zimeanza kulegea,
niliingia na kitenge changu, na kilemba changu.
Nilijiandaa kushtuka. Maji ya kwetu Julai yana meno.
Haya hayakuwa na meno.
Yalinipanda magotini, kiunoni,
ya uvuguvugu, kama yamekwisha kujaribiwa kwa kiwiko,
na mimi nikasimama pale pale nikakumbuka:
mara ya mwisho mtu kunichemshia maji
ni mama yangu, arobaini ya Lusungu,
akinikanda tumbo kwa kitambaa, moshi ukimliza.
Tangu hapo ni mimi na sufuria.
Maji ya wajukuu, ya mume mpaka alipozikwa,
ya wageni, ya ndama mgonjwa.
Nani basi aliyeamka kuyapasha haya,
mengi hivi, bila kuni, bila kukohoa?
Nikakaa chini, yakanifika shingoni.
Kama nililia, ni chumvi juu ya chumvi.

Jioni Lusungu akatoka bandarini,
nyuzi za mkonge zimemnasa mikononi.
"Umefanya nini leo, mama?"
"Nimekaa."
"Tu?"
"Tu."

Wenyewe husema Tanga waja leo, waondoka leo.
Mimi nililipiwa siku saba, nikakaa kumi na moja.
Soksi ina mistari mitatu mpaka sasa.
Sweta sikuidai. Siku naondoka
Mgaza alikuwa bado anatetemeka ndani yake.