Milango ya Saint John's

Nkwabi, tulipofika ukungu ulikuwa umeshatangulia,
umekaa juu ya bandari kama mgeni asiyejua kuaga.
Dada wa mapokezi akasema juzi tu lilipita pande la barafu,
refu kuliko kanisa, mngeliona hapo dirishani.
Juzi!
Tumetoka Winnipeg, mji uliolala kama chapati juu ya kikaango,
tumelipa nauli za watu wawili na begi la ziada,
kuja kuambiwa juzi.

Basi tukatembea.
Kwetu husema milima haikutani.
Hapa imekutana, tena imepangishwa:
nyumba za mbao bega kwa bega kwenye mteremko,
hii ya manjano ya binzari, ile ya zambarau iliyoiva,
nyingine nyekundu kama kucha za mdogo wangu Kibibi,
zimeshikana, maana ikiteleza moja
zote zitaamkia baharini.

Mimi wa Lushoto. Shule ilikuwa juu, maji yalikuwa chini,
na mama hakutaka kusikia habari za kuchoka.
Wewe wa Shinyanga, ambako mtu humwona mgeni wake asubuhi
akamkaribisha jioni.

Kila baada ya nyumba nne ulisimama.
"Ngoja, mlango huu."
Ukatoa simu, ukainamisha kichwa kama fundi saa,
mlango wa kijani, kigongeo cha shaba.
"Ngoja, na huu."
Wa buluu, tundu la barua limezibwa kwa gundi ya karatasi.
"Ngoja kidogo, mwanga."
Mwanga gani, Nkwabi, kwenye ukungu ule?

Nilikasirika, nakiri.
Nikakuacha kona ya Mtaa wa Gower
umesimama mbele ya mlango wa watu kama mdai,
nikapanda Signal Hill peke yangu.
Upepo wa kule juu si upepo, ni ugomvi.
Ulinivua mtandio ukaupeleka Ayalandi bila pasipoti.
Chini, mahali palipopaswa kuwa na bahari,
honi ililia mara moja, ikanyamaza, ikalia tena,
na hakuna aliyeijibu.

Ulipofika midomo yako ilikuwa rangi ya jivu.
"Ngazi zao nzuri," ukasema,
ukakaa juu ya jiwe lenye maji.
Hukupiga picha hata moja.

Usiku, umelala,
koti lako kitini linanuka samaki wa kukaanga,
nikachukua simu yako nimtumie Kibibi picha.
Milango. Hamsini na mitatu.
Mingine imekaa upande, mmoja una kidole chako,
na mmoja, mweupe, wa kawaida kabisa,
wa nyumba iliyo katikati ya ule mwinuko mrefu,
umeupiga mara sita.

Mara sita.

Miaka ishirini na tisa nakujua huwezi kudanganya:
ukificha hata peremende, sikio hukucheza.
Nilikaa kitandani na simu hadi ikajizima.
Jumatatu tutamwona daktari. Hilo nimeshaliamua,
wewe hujaambiwa.

Asubuhi ukungu uko palepale. Tukatoka.
Baada ya nyumba tatu nikainama.
"Kamba ya kiatu," nikasema.
Nyumba tatu tena. "Kamba."
Ukaviangalia viatu vyangu vya kuchomeka,
ambavyo tangu kiwandani havijawahi kuiona kamba.
Ukaniangalia mimi.
Sikio lako likacheza.

Ndipo mlango uliokuwa nyuma yetu ukafunguka.
Mzee wa Kizungu, soksi moja ya kijivu, nyingine ya mistari,
kikombe mkononi,
akauliza kama tumepotea.
"Hapana," ukamjibu kwa Kiingereza chako cha ofisini,
mkono umeshika ukuta wake wa manjano,
"tunapumzika."