Karani wa Mchanga

Daftari hili lilikuwa la Nassir, mtoto wa dada yangu.
Kurasa za mbele zimejaa hesabu zake za darasa la pili:
*Saba toa tisa, haiwezekani,*
na mwalimu kapiga vema kwa wino mwekundu.
Chini yake naanza mimi:
vijiti vinne, cha tano kinawalalia wenzake.
Kila kijiti, gari moja ya mchanga.

Nakaa juu ya ndoo ya rangi, mdomoni mwa shimo,
hapa Pangatupu.
Nani alikibatiza kijiji jina hili sijui,
lakini leo panga limebaki tupu kweli,
halina mhogo wa kuchimbua wala kichaka cha kufyeka.

Kijiko kinauma ukingo, kinatema ndani ya Fuso.
Mizizi ya mbirimbi inaning'inia hewani,
haijui pa kushika.
Udongo mweusi wa juu, kina cha shubiri mbili,
ndio uliotulisha watu wanane.
Chini yake mchanga mweupe, laini kama sembe.
Huo ndio unaotakiwa Kiwengwa.

Simlaani mtu.
Wodi ya wazazi: gari kumi na nne, nimeziandika mwenyewe.
Madarasa mawili ya skuli: gari tisa.
Dada yangu Mwanaisha kajifungua kitandani, chini ya taa,
yeye aliyezaliwa njiani, juu ya gari la ng'ombe.
Na nyumba ya mama, sakafu ya saruji, madirisha ya vioo:
gari tatu,
kwa bei ya karani.

"Nchi inakua, Makame," ananiambia Vuai, dereva,
akinipa risiti na nusu ya andazi.
Inakua, namjibu, mdomo umejaa.
Na shimo nalo.
Anacheka. Anatia gea.

Masika shimo hujaa maji ya rangi ya chai ya maziwa,
na bata wa jirani wamehamia humo, wamenona.
Lakini kamba ya kisima cha Bi Mosi,
iliyokuwa ikigusa maji kwa pima nne,
imeungwa mara mbili,
na fundo la pili bado linaning'inia pakavu.
Daftari langu lina safu ya tarehe, ya namba ya gari, ya fedha.
Fundo sikulipatia safu.

Jioni narudi nyumbani, navua viatu barazani.
Mama hasemi neno.
Anavikung'uta, kimoja kimoja,
anafagia mchanga, anaukusanya kwenye ungo,
hata ule ulioingia nyufa za sakafu,
kisha anavuka njia, ungo kiunoni,
mpaka ukingoni, pale palipokuwa na tuta lake la mwisho,
anaumwaga.

Kila siku. Kiganja kimoja, au viwili.
Nasimama dirishani, nyuma ya kioo,
kalamu bado iko sikioni.