Kutoka L Hadi Q

Kamusi ya darasa letu ni moja, sisi ni themanini na wawili.
Imefungwa kamba ya katani mguuni mwa meza
kama mbuzi wa Krismasi.
Inaanza vizuri. Inafika L, halafu,
kama mtu aliyekosa ngazi gizani,
inatua Q.

Wanasema mlinzi wa zamani aliisokotea tumbaku.
Karatasi nyepesi, inashika moto vizuri.
Namwona getini, hapa Bwera, usiku wa mvua,
anavuta M nzima, N, O, anaingia P,
moshi unapanda kuelekea Rwenzori
na kifuani mwake hakubaki hata neno.

Mwalimu Kule, ambaye kwa Kiswahili jina lake ni mahali,
nasi tulilicheka wiki nzima,
hakuomba kamusi nyingine. Alisema:
neno usilolijua ni mgeni aliyeingia msibani.
Usimrukie na maswali.
Tazama amekaa karibu na nani,
analia, au anaulizia chakula.

Basi nikajifunza kusoma kwa jicho la pembeni.
Sentensi ya nyuma, sentensi ya mbele,
kisha kumrudia mgeni polepole.

Siku za gulio, Mpondwe, shangazi Kabugho
hufunga karanga kwa magazeti ya Kampala.
Nimesoma nusu ya mechi, tangazo la mbegu,
robo ya kesi ya shamba.
Nilinunua karanga za shilingi elfu moja ili nijue nani alishinda kesi.
Hukumu ilikuwa kwenye karanga za mtu mwingine.

Na ile k ya kisu!
Kwetu inakata hujamaliza hata kutamka.
Kwa Kiingereza nacho huanza na k,
ila imelala alani, haisemi,
na ukiiamsha mbele ya darasa
Baluku atakucheka mpaka kengele ilie.
Goti, vilevile. Kujua, vilevile.
Nikaandika pembeni mwa daftari:
kujua, katika lugha hii, huanza kwa kunyamaza.

Ni Masereka aliyeleta daftari jipya
akasema, tuzishone kurasa zilizovutwa.
Tukaenda kuwinda.
Mkunga wa hospitali alitupa jina la kazi yake
na akatuandikia herufi moja moja, huku mtu akimwita.
Ofisa wa forodha, pale darajani Lubiriha,
alitupa matatu ya P, yote ya karatasi na mihuri,
wala hakudai ushuru.
Dereva wa lori alitupa moja la O
ambalo mwalimu alilikata kwa wino mwekundu
bila kueleza.

Ulipofika mtihani, kifungu kilihusu mafuriko.
Mstari wa nane, neno refu la N, sijawahi kuliona.
Nikatazama majirani zake:
kabla yake, daraja limekwenda na maji;
baada yake, watoto wamefika shule.
Nikaandika maana yake: hata hivyo.
Matokeo bado.

Jana usiku mama alikuwa anachambua maharage,
mimi nashona ukurasa wa kwanza wa M kwa uzi wa gunia.
Akauliza, na mimi, kitabuni mwao, ninaitwaje?
Nikamwambia, uko M, mama. Ulivutwa.
Akacheka hadi maharage yakamwagika.
Hata mimi? Huyo mlinzi alikohoa kweli.
Kisha akanyoosha mkono kwenye taa, akaisogeza upande wangu.
Haya. Niandike.

Nikaandika neno lenyewe, hilo nalijua tangu darasa la kwanza.
Nikaandika: nomino.
Halafu kalamu ikasimama.
Maelezo yanatakiwa yawe mafupi, mwalimu alisema,
mstari mmoja, usizidi miwili,
na yeye alikuwa bado anaokota maharage sakafuni,
moja moja,
akihesabu kwa Kikonjo.