Kikapu cha Ghorofa ya Nne

Nilifika Ballarò saa tatu asubuhi, nimeshachelewa:
samaki wa maana wamekwenda na wenye hoteli,
barafu inalia chini ya meza,
na mawe ya njia, yaliyosuguliwa na visigino vya karne,
yanang'aa kama sufuria ya bibi harusi.

Juu, maturubali mekundu, ukuta kwa ukuta.
Jua likipita humo linashuka limeiva.
Kila kitu chekundu: kabichi, paka, mikono, mimi.
Gaspare mwenye bucha anaijua kazi ya turubali;
chini yake nyama ya juzi inapata damu upya.
Itoe nje mwangani,
inakufa mara ya pili.

Hapa mali haiuzwi kwa mdomo mkavu.
Mmoja anaanza, analivuta neno mpaka linakonda,
wa pili analidaka kabla halijakatika,
wa tatu anawatukana wote wawili
kwa mahadhi yaleyale.
Nami nimekuja na Kiitaliano cha kitabuni,
kimepigwa pasi, vifungo vyote vimefungwa,
na hawa wanaongea wamekunja mikono ya shati.

Nikampita mchemsha pweza,
mvuke umemla nyusi,
anakata mkono wa mnyama bila kuutazama
huku akibishania penalti ya jana.
Nikampita Shafiqul wa Sylhet na bamia zake;
anapanga moja moja, kama anayeandika barua.
Nikanunua andazi bapa la unga wa dengu ndani ya mkate.
Likaniunguza ulimi.
Heri, maana ulimi wenyewe haukuwa na kazi.

Kisha: *Zibibbu! Zibibbu!*

Nikasimama kama niliyeitwa kwa jina la utotoni.
Zabibu.
Neno lililotoka kwa Waarabu likashika njia mbili,
na leo, katikati ya magamba ya samaki,
limekanyagana na nduguye.
Nikamwambia mwuzaji, "Zabibu."
Cosimo akanisahihisha.

Ndipo kikapu kiliposhuka kutoka juu
kwa kamba ya kuanikia nguo,
ndani yake sarafu, zimefungwa kwenye leso.
Mikono ya Cosimo imejaa vichala;
akanionyesha kwa kidevu: tia, funga wewe.
Nikatia, nikafunga. Kikapanda kikigonga ukuta,
kikapita chupi za jirani,
kikampita mtakatifu wa plasta aliyevunjika pua,
kikamezwa na dirisha.

Kimya.

Halafu sauti. Na hiyo niliielewa yote,
kwa sababu mwanamke aliyepunjwa kwenye mizani
hahitaji mkalimani.
Kikapu kikarudi na zabibu zilezile.
Cosimo akaapa kwa roho ya mama yake.
Juu wakajibu kwamba mama yake wanamfahamu,
mizani hiyo ilikuwa yake.
Mtaa mzima ukacheka, hata paka akasogea.
Cosimo akaongeza kichala, akaongeza na matusi,
kikapu kikapanda kizito.

Kikashuka mara ya tatu, hakuna aliyekiita.
Cosimo hakukigusa. "Chako,"
akasema polepole, kama anayemlisha mtoto uji.
Limau moja, na jani lake bado bichi,
na senti ishirini:
ujira wa fundo.

Nilitazama juu. Niliona mkono,
bangili moja nyembamba, kiwiko chenye unga.
Nilitaka kuuliza jina; upepo ukatikisa turubali,
wekundu ukajifunga kama pazia.
"Ninfa," akasema Cosimo, ingawa sikuuliza kwa sauti.
"Miaka kumi na mmoja hajateremka ngazi.
Na gramu moja haijampita."

Limau nililiweka mfukoni mwa koti.
Zile senti nilizitumia palepale,
nikaongeza zangu, nikanunua zabibu.
Cosimo alinipunja. Nilimwona kidole chake
kikiegemea sahani ya mizani,
bila haraka, bila aibu,

na mimi sina ghorofa ya nne
ya kupigia kelele.