Safu ya Maana

Fomu ina safu nne: jina la kikundi, idadi ya wachezaji,
maneno ya wimbo, maana kwa Kiswahili.
Hiyo ya nne ndiyo ugali wangu.
Nimeijaza miaka kumi na mmoja, kalamu ya bluu, mwandiko wa kulala,
chini ya feni inayokoroga vumbi la Dodoma
kama uji usiotaka kuiva.

Walikuja Jumanne, akina mama kumi na wanne wa Chihendo,
njiani tangu jogoo la kwanza,
ngoma za muheme zimefungwa migongoni kwa kaniki, kama watoto.
Kiongozi wao Mbeleje, mjane, sauti ya kukwaruza,
aliibana ngoma katikati ya mapaja
na kabla sijasema "subiri"
mihuri ilikuwa inaruka mezani.

Nikaandika nilichosikia:

*Uwele wangu umenifika kifuani,
wamepanda jiwe katikati yake.
Jiwe halipaliliwi, jiwe halivunwi.
Jiwe lina namba. Mimi sina.*

Bikoni. Nilizijua.
Ramani yake niliiona kwa mkubwa wangu, imekunjwa ndani ya gazeti.

Bwana Chilewa, Afisa Utamaduni, si mtu mbaya.
Ana huzuni ya mtu aliyewahi kupiga zeze
na sasa anapiga simu.
Alisoma, akavua miwani.
"Mgeni rasmi anapenda asili," akasema. "Anaipenda mno.
Ila asili isiyo na mgogoro."
Akanirudishia karatasi. "Wewe ni wa huko huko. Tafuta maana nyingine."

Nikatafuta, wala sikwenda mbali.
*Wamepanda jiwe* nikaandika: Wameweka jiwe la msingi.
Vineno viwili tu vya nyongeza, shamba likawa jengo.
*Jiwe lina namba*: Maendeleo yanahesabika.
*Mimi sina*... hapo kalamu ilisimama,
nikanywa chai, ikapoa, nikamalizia:
Mimi sina la kusema ila ahsante.

Nilijiambia naupitisha wimbo mlangoni
kama mtu anavyopitisha kisu ndani ya mkate.
Na siku ya kilele Mbeleje aliimba kila neno lake, hakupunguza.
Jukwaani, programu mkononi, wakapiga makofi.
Mgeni rasmi alishuka, akatikisa mabega,
akambandika noti kwenye paji la jasho.
Nyuma ya kamba watu wa Chihendo walicheka hadi wakashikana,
nami nikacheka nao, mjanja mimi:
serikali imelipia lori, imelipia fulana,
inasimangwa na inacheza.

Hiyo ni mwaka juzi.

Ngoma huisha jua likizama. Faili halizami.
Fomu yangu ilipanda ngazi, ikapigwa muhuri, ikapigwa chapa,
ikashuka tena ikiwa kitabu cha shule chenye jalada la kijani,
*Nyimbo za Asili Yetu*, ukurasa wa tisa.
Safu ya tatu waliikata kubana karatasi.

Sasa shuleni Chihendo, ile Chihendo mpya waliyohamishiwa,
kwenye changarawe isiyoota hata mlenda,
watoto wanapiga ndoo kwa mdundo ule ule,
wanaimba jiwe la msingi, wanaimba ahsante,
na anayeongoza, soksi nyeupe, sauti ya kukwaruza,
ni mjukuu wa Mbeleje.

Yeye mwenyewe alikuja jana dirishani kwangu.
Hakuja kugomba. Alikuwa na kile kitabu ndani ya mfuko wa nailoni.
"Juzi nilikuwa natwanga, nikaimba," akasema.
"Mtoto akanishika mkono: Bibi, unakosea maneno."

Akakifungua ukurasa wa tisa, akakigeuza kinielekee.
"Mimi sikusoma. Nisomee wewe.
Nimekosea wapi?"

Nyuma yake foleni ilikuwa imefika kwenye ngazi.