Kanyaga, Shikilia

Aizirek, usinicheke, nina maswali ya mtoto.
Kwa nini Niva hii inakohoa mlimani tu?
Sokoni Talas inatembea bila neno,
lakini tukianza kuupanda Otmok na madebe ya maziwa nyuma
inashtuka, inakata pumzi,
malori ya makaa yananipita yakipiga honi
kana kwamba nimesimama kwa kupenda.

Hajibu. Anafungua boneti.
Miaka kumi na tisa, kucha nyeusi,
nywele kazifunga kwa kipande cha tyubu ya baiskeli.
"Zima sigara," anamwambia jirani wa duka la matairi,
kisha anachomoa chujio, anaiinua dirishani:
petroli ina rangi ya mchuzi uliolala,
karatasi ya ndani imejaa chengachenga za kutu.
"Kwenye tambarare injini hunywa kidogo, inavumilia.
Mlimani ina kiu. Ndipo utajua koo limeziba."

Na huu mshale?
"Uelekee injini, usielekee tangi."
Bei?
Nimewahi kulipa zaidi
kwa kitambaa cha kichwa nisichokivaa.

Na kushuka, Aizirek?
Juzi, kona ya tatu, pedali ilizama
kama kidole kwenye unga uliokandwa.
Nikakanyaga tena, ikarudi. Nikanyamaza.
Mama mkwe alikuwa kando yangu akihesabu madebe matupu.

"Tunayaita maji ya breki," anasema,
"na kinachoyaua ni maji.
Yanakunywa unyevu wa hewa kidogo kidogo, miaka,
hata kifuniko kikiwa kimekazwa.
Mteremko ukiwa mrefu yanachemka, yanatoa mapovu,
na povu halisukumi kitu."
Siwezi kuongezea oili ya injini?
"Unaweza, ukitaka mipira ivimbe
na mazishi yasichelewe."

Kisha akasema ni kazi ya watu wawili,
mmoja juu, mmoja chini.

Hapo nikakumbuka.
Kila theluji ikiyeyuka, Toktosun uvunguni mwa gari,
viatu tu vinaonekana,
sauti inatoka ardhini: Kanyaga! Shikilia! Achia!
Miaka kumi na moja nilikuwa mguu.
Sikuuliza kinachotoka.
Sikuuliza kwa nini anaanza na gurudumu la mbali.
Nilikaa kitini nikimenya mbegu za alizeti,
nikingoja amri inayofuata.
Sasa yuko Yakutsk, anajenga mabweni ya watu wengine,
na simu yake haiiti tangu theluji ya kwanza.

Nipe spana.

Chini nimelala mimi, mpira mwembamba mkononi,
chupa ya soda kifuani.
Juu nimemweka Kanyshai, mama yake Toktosun,
miaka sabini na minne na buti za sufi,
aliyesema asubuhi kwamba gari ni shughuli ya wanaume
na bado akapanda.

Kanyaga! Sauti si yangu.
Shikilia!
Nalegeza nati robo mzunguko: yanatoka meusi,
chai iliyosahauliwa jikoni, yenye viputo.
Achia. Tena.
"Usiache kopo la juu likauke!" Aizirek anamimina.
Nyuma kulia, nyuma kushoto, mbele kulia,
la mwisho lile lililo karibu na usukani,
mpaka kwenye mpira yanapita manjano, mapya,
bila hata kiputo kimoja.

Nakaza. Nafuta tone lililoanguka ubavuni
kabla halijala rangi.
Naandika tarehe kwenye utepe, naubandika kwenye kifuniko.
Napangusa mgongo, tunapatana bei,
tunaongea habari za ndama wake aliyevimba tumbo,
mpaka sauti inatoka ndani ya gari, ina hasira kidogo:

"Burulai, bado nimeshikilia.
Mbona huniambii niachie?"